"Alikufanyia profesa mwenyewe?"

Tangu nifanyiwe leza ya macho nje ya nchi na kurudi Dodoma bila miwani swali ni lile lile, ofisini kwetu Mtumba, kanisani, mpaka yule mama anayeniuzia mboga soko la Majengo: "Alikufanyia profesa mwenyewe?" Nikisema hapana, alinifanyia daktari ambaye hiyo kazi alikuwa bado anajifunza, watu wananyamaza, alafu wananiangalia macho, yaani wanayatazama kabisa moja baada ya jingine kama wanatafuta kovu.

Wiki mbili zilizopita dada mmoja kanipigia simu usiku, namba yangu kapewa na rafiki yetu. Kaambiwa na hospitali ya kufundishia kwamba leza yake itafanywa na daktari aliye mafunzoni, bingwa atakuwepo pembeni, na yeye anataka kughairi. Tuliongea karibu saa nzima, na nilipokata simu nikaona bora niandike yote sehemu moja, maana hayo maswali nimeyabeba muda mrefu na majibu niliyokuja kuyapata siyo yale niliyoyategemea.

Mi nimevaa miwani tangu darasa la tano. Mwishoni namba ilikuwa mainasi 5.75 macho yote mawili, yaani bila miwani mtu akisimama mita mbili mbele yangu namjua kwa sauti. Na Dodoma mnaijua, kuanzia mwezi wa sita upepo ukianza vumbi linaingia hadi kwenye makabati, kioo cha miwani unakifuta kwa kitenge unakikwaruza, unakifuta tena unakikwaruza tena, kila mwaka lazima ubadilishe. Nilikuwa naweka hela kidogo kidogo ya leza nikiwa sijui hata nitaifanyia wapi. 2023 baba mdogo akapata rufaa ya moyo kwenda India, Chennai, akahitaji mtu wa kumsindikiza, familia ikanichagua mimi. Alipotulia baada ya upasuaji wake nikapata siku kumi za kusubiri tu, nikaenda hospitali ya macho ya kufundishia iliyokuwa karibu na tulipopanga.

Wakanipima karibu siku nzima. Alafu yule mama wa mapokezi akanieleza taratibu kabisa kwamba kuna foleni mbili, ya profesa ambayo ni ndefu na bei yake juu, na ya madaktari walio kwenye mafunzo ya leza ambao profesa anawasimamia. Hela yangu na siku zangu zilikuwa za foleni ya pili.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa najiuliza hivi mimi ni mtu mzima na akili zangu, natoa macho mawili niliyopewa na Mungu mtu ajifunzie? Nikawa nasoma kwenye simu mpaka saa tisa, naandika kwenye daftari, na asubuhi nikaenda na hilo daftari kumuuliza daktari mwenyewe.

Nitawaeleza nilichokielewa, maana ndo kiini cha yote.

Zamani sana mkono ulikuwa kila kitu. José Barraquer, Mhispania aliyekuwa anafanya kazi Bogotá, Colombia, ndo alianzisha wazo la kurekebisha uoni kwa kubadilisha umbo la konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, kioo chetu. Alikuwa anakata kipande cha konea, anakigandisha kwa baridi, anakichonga kwenye mashine kama fundi seremala anavyochonga mguu wa kiti, alafu anakishona tena mahali pake. Fikiria hapo mwanafunzi ndo anashika kisu. Baadaye, 1981, kwenye maabara ya IBM Marekani, Rangaswamy Srinivasan na wenzake wakachukua mabaki ya nyama ya bata mzinga ya sikukuu wakaipiga leza ya eksima, wakaona inakata safi kabisa, pembeni haiunguzi. 1983 Srinivasan na daktari wa macho Stephen Trokel wakaonyesha kwamba inawezekana kwenye konea. Kila pigo la hiyo leza linaondoa kama robo ya mikroni, na mikroni moja ni milimita uigawe mara elfu. Unywele mmoja wa kichwani ni kama mikroni 70, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe ni mapigo mangapi kumaliza unene wa unywele. Hakuna binadamu mwenye mkono wa namna hiyo, awe profesa awe nani.

Kwa hiyo kwenye LASIK ya siku hizi, ndo aina ya leza niliyofanyiwa, sehemu ya kuchonga inafanywa na kompyuta, namba zimeshaingizwa, na kuna kamera inafuatilia mboni, ukitikisa jicho kidogo leza inafuata, ukitikisa sana inasimama yenyewe. Sehemu iliyobaki ya mkono ni kile kifuniko, kile kigamba chembamba kinachofunuliwa mbele ya konea ili leza ipite chini yake na kisha kinarudishwa. Na hapa ndo uzoefu ulikuwa unaonekana waziwazi. LASIK ilipoanza, miaka ya 1990, kifuniko kilikuwa kinakatwa kwa kiwembe kinachotembea chenyewe juu ya jicho, na madaktari walioandika kuhusu wagonjwa wao wa mwanzo walikiri kwamba vifuniko vilivyoharibika, vilivyotoboka katikati au kukatika kabisa, vilikuwa vingi zaidi kwenye macho ya kwanza kwanza, na vikapungua kadiri walivyozoea. Nawaheshimu sana kwa kuandika hivyo, wangeweza kunyamaza. Siku hizi sehemu nyingi kifuniko chenyewe kinakatwa na leza nyingine, ya femtosekunde, yaani ya mapigo mafupi mno, na pengo kati ya mgeni na mzoefu limepungua sana. Tafiti za hospitali za kufundishia, nyingi za Marekani, zilizolinganisha macho yaliyofanywa na madaktari wa mafunzoni chini ya usimamizi na yale ya wazoefu, zimekuwa zikikuta uoni wa mwisho unafanana. Ila usisome haraka hapo. Ni CHINI YA USIMAMIZI. Na mara nyingi mwanafunzi anapewa jicho lisilo na utata, jicho gumu linaenda kwa mkubwa wake. Ukiona matokeo yanafanana ujue kuna mtu aliyeamua mapema jicho lipi liende kwa nani, na huyo mtu hatajwi kwenye maswali yetu kabisa.

Nilimuuliza yule daktari kijana, daktari, umefanya mangapi? Akanijibu bila kukwepa, akataja idadi, ilikuwa ndogo kuliko nilivyotamani, alafu akanigeuzia skrini akanionyesha hesabu yangu. Konea yako ina mikroni 548. Kifuniko tutakata 110. Kwa namba yako leza itaondoa kama 80. Unabaki na zaidi ya 350, na hatupendi ibaki chini ya 250, mimi sipendi hata 300. Hapo ndo mwili ukatulia. Hata kama ningemuuliza profesa, profesa angefungua skrini hiyo hiyo.

Siku yenyewe ganzi ni matone tu, hamna sindano. Wanakubana kope na kitu cha chuma ili usipepese, wanakuwekea pete inayovuta jicho, giza linaingia sekunde kadhaa, unasikia mgandamizo kama mtu kakuwekea kidole gumba, mi nilikuwa nasali kimoyomoyo. Alafu unaambiwa angalia taa inayopepesa, usiiache, na unasikia mlio wa tatatata na harufu kama nywele zinaungua. Sauti zilikuwa mbili, moja ya kijana iliyokuwa inaniambia vizuri dada, vizuri, nusu bado, na nyingine ya mtu mzima nyuma yake, chache sana, kwa Kiingereza cha Kihindi, "maji zaidi", "subiri", "pangusa tena". Hiyo "pangusa tena" nilimuuliza baadaye. Ilikuwa ni kusafisha chini ya kifuniko kabla ya kukilaza, na kuhakikisha hakina mkunjo. Kijana alikuwa tayari kumaliza, mkubwa akasema rudia. Sekunde kama ishirini hizo, na mi naamini hizo ndo nililipia.

Asubuhi yake nikasoma bango la duka la viatu ng'ambo ya barabara. Nikalia, daktari kakataza kufikicha macho, machozi yanashuka tu mwenyewe nimeweka mikono mapajani.

Sasa ngoja niseme na upande wa pili, sitaki mtu aseme niliandika mazuri tu. Macho yangu yalikauka. Kukata kile kifuniko kunakata na mishipa midogo ya fahamu ya konea, ile inayoliambia jicho litoe machozi, na inachukua miezi kuota tena. Utafiti wa PROWL, uliohusisha FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, na kuchapishwa 2017, ulikuta karibu watu 3 kati ya 10 ambao hawakuwa na dalili za ukavu kabla walikuwa nazo miezi mitatu baadaye. Nilirudi Dodoma upepo ndo umechachamaa, nilikuwa natembea na chupa ya machozi ya bandia kwenye pochi, nyingine kwenye meza ya kazi, nyingine kitandani, karibu miezi nane. Hilo profesa mwenyewe asingeliondoa kwa mkono wake, sababu yake ni upasuaji wenyewe.

Kuna kaka wa idara ya jirani aliyefanya leza mwaka huo huo, nchi nyingine, kwa daktari mwenye jina, miaka mingi, macho maelfu, picha zake na watu wakubwa ukutani. Mi nilimwonea wivu kabisa. Huyu kaka alikuwa anavaa lenzi zile za kubandika juu ya jicho (contact lens) kila siku. Lenzi zinaikandamiza konea na kuibadilisha umbo, kwa hiyo kabla ya kupimwa unatakiwa uziache, zile laini angalau wiki mbili, zile ngumu wiki nne, konea irudi kwenye umbo lake ndo ipimwe. Yeye kashuka uwanja wa ndege na lenzi machoni, kapimwa kesho yake, kafanyiwa keshokutwa. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakujua kwamba ni jambo la kusema. Leza ilifanya kazi yake sawasawa, ilichonga kile ilichoambiwa, ila iliambiwa kitu kisicho sahihi. Akabaki na namba, jicho la kulia halisomi vizuri, usiku taa za magari zina mkia, akarudi tena kwa gharama zake kufanyiwa mara ya pili. Ni mtu ninayemheshimu, na inaniuma kila nikimwona anavyoinamisha kichwa kusoma barua, kwa sababu mkono aliochagua ulikuwa mzuri kweli. Wanaoomba ushauri huwa wanataka kujua nani atashika leza. Hamna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nani alipima.

Lakini msije mkachukua haya ya leza mkayapeleka kwenye kila upasuaji wa macho, na hapa naomba tuongee taratibu. Sisi wa Dodoma macho tunayajua kwa uchungu. Wagogo wazee wanakumbuka vikope vilivyofanya watu wapofuke vijijini, Kongwa watafiti wameshinda huko tangu miaka ya 1980 kwa ajili ya trakoma, ndo hivyo vikope, na ukisema hospitali ya macho wazee wengi bado wanakutajia Mvumi. Na upofu unaotusumbua sasa hivi siyo wa mainasi 5.75, ni mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho unatolewa kwa mkono. Lenzi iliyoganda inakaa kwenye kifuko, na utando wa nyuma wa hicho kifuko una unene wa mikroni kama nne. Nne. Daktari anafanya kazi juu yake na vyuma, anauangalia kwa hadubini, na akiupasua ute wa nyuma unaweza kuja mbele na mambo yanakuwa marefu.

Huko uzoefu unaonekana kwenye namba bila kificho. Uingereza walikusanya upasuaji 55,567 wakachapisha 2009, utando ulipasuka karibu mara 2 kati ya kila 100, na mikononi mwa wanafunzi wa ngazi ya chini kabisa uwezekano ulikuwa zaidi ya mara 3 ukilinganisha na mabingwa. Kwa hiyo anayeogopa daktari mwanafunzi kwenye mtoto wa jicho haogopi kivuli. Ana haki.

Na bado bibi yangu alifanyiwa na mwanafunzi.

Bibi anakaa kijijini wilaya ya Chamwino, 2024 alikuwa haoni kabisa jicho la kushoto na la kulia linaona kama kupitia moshi, alikuwa anatujua kwa kutupapasa nyuso. Tulipofika hospitali, daktari kijana kaja, akamwamkia shikamoo bibi, alafu akaongeza "mbukwenyi", salamu yetu ya Kigogo, bibi kafurahi kasahau hata kilichomleta. Mi nikamvuta daktari pembeni nikamuuliza maswali yangu yote ya kwenye daftari. Akaniambia kwamba kabla ya kumgusa mgonjwa walifanyia mazoezi macho ya bandia na ya mbuzi, mara nyingi, wanarekodiwa, wanasahihishwa. Nikamuuliza inasaidia kweli? Akanitajia utafiti mmoja nikautafuta usiku huo. Ulichapishwa 2021, walichukua madaktari kama 50 wa mafunzoni kutoka Kenya, Uganda, Zimbabwe na hapa kwetu Tanzania, nusu wakapelekwa Cape Town siku tano tu kufanya mazoezi makali kwenye macho ya bandia, nusu wakaendelea na mafunzo ya kawaida. Mwaka uliofuata, wale wa siku tano utando uliwapasukia asilimia 7.8 ya upasuaji wao. Wale wengine, asilimia 26.6.

Nilikaa na hizo namba muda mrefu. Wote walikuwa wanafunzi, vijana wetu hawa hawa, na tofauti kati yao ilikuwa siku tano na macho ya bandia. Zaidi ya mara tatu! Sasa mtu akiniambia "mi sitaki mwanafunzi" namuelewa, ila mwanafunzi yupi? Aliyekosea mara hamsini kwenye jicho la plastiki na la mbuzi, au atakayekosea mara ya kwanza kwa bibi yangu? Na mkoa wetu una watu zaidi ya milioni 3 kwa sensa ya 2022, mabingwa wa macho ni wachache, wengine wanakaribia kustaafu. Tukisema wote tunataka wazoefu tu, hao wazoefu wa mwaka 2040 watatoka wapi? Kwa hiyo hayo macho ya plastiki na hadubini za mazoezi kila chuo kinachofundisha kingekuwa navyo, nalisema hili kwa moyo wote, mbunge yeyote akisoma hapa alichukue.

Bibi alivyotoka akatusimulia yeye mwenyewe, maana ganzi ni ya jicho tu masikio yanasikia. Anasema walikuwa wawili, mmoja anamwelekeza mwenzake, "ni kama mama anamfundisha binti kusonga ugali, anamwachia mwiko, akiona unga unashika chini anauchukua anasonga kidogo anamrudishia." Bingwa alithibitisha, hatua moja ya katikati aliishika yeye, nyingine zote kijana. Kesho yake bandeji ilipotolewa bibi akaniangalia akasema, "Kumbe umenenepa." Jicho la pili tulirudi baada ya miezi miwili, bibi akamtaka yule yule "mjukuu wangu wa mbukwenyi".

Sasa mdogo wangu. Yuko UDOM mwaka wa pili, ana miaka 20, naye miwani, na tangu anione mimi hana usingizi, anataka leza. Ameshaongea na wakala anayepeleka watu nje, kaambiwa atume tu kipimo cha miwani, tarehe ipo, daktari ni wa uzoefu wa miaka 25. Nikamwambia kabla ya chochote twende hapa hapa ukapimwe upya. Akatukuta daktari wa mafunzoni mwingine, binti, mdogo kwa sura kuliko hata mdogo wangu, nikaona kabisa kijana anakunja uso. Yule binti akashika kile kitochi chenye mwanga wa mstari akawa anaupitisha kwenye mboni, akarudia, akarudia tena, akamuuliza, "Kaka, huwa unafikicha macho?" Anafikicha tangu mtoto, vumbi likianza tu macho yanamwasha anayasugua kwa ngumi. Daktari akatoka akamuita bingwa wake. Ule mwanga ulikuwa haupiti moja kwa moja, unafunguka na kujifunga kama mkasi.

Tulipanda SGR kwenda Dar kupiga ramani ya konea. Konea inachomoza chini, inaanza kuwa kama koni, keratokonasi, na ina mikroni 471. Ukiweka leza kwenye konea ya namna hiyo unaikondesha zaidi na inaweza kuendelea kutuna mpaka miwani haisaidii. Hafai leza, sasa wala baadaye. Kuna matibabu ya kuikaza, wanaweka matone ya vitamini B2 alafu mwanga wa ultravioleti, hayarudishi uoni ila yanaizuia isiendelee, na hayo ndo tunayoyachangishana sasa kwenye familia.

Kwenye treni wakati wa kurudi hakuongea mpaka tumepita Morogoro. Alafu akaniuliza yule dada daktari anamaliza lini mafunzo, nikasema sijui. Akageukia dirishani, mkono ukapanda kuelekea jichoni, nikaushika kabla haujafika, na tukakaa hivyo, nimemshika mkono, mpaka Kilosa.